Mvuta Kamba wa Nchi Nyeusi

Chanzo cha yote ni kitabu kimoja kinene kisicho na jalada, na mimi ningekuwa na amri ningekifanya kiwashio cha moto. Fundi alikinunua kwa muuza vitabu vikuukuu wa kando ya barabara, kimeliwa na mende upande mmoja, kinaeleza habari za Misri ya kale. Hakukinunua kwa kuwapenda mafarao. Alikinunua kwa sababu nyumbani alikuwa na baba asiyesema, na kila kitu kingine alikuwa ameshajaribu.

Ngoja nimweleze huyu Fundi. Nje walimwita Fundi Miwani, nyumbani aliitwa Dada, na miaka arobaini ilikuwa inamjia bila kubisha hodi. Alifanya kazi kwenye chumba cha nyuma cha duka la miwani, chumba kisicho na dirisha, akikata lenzi zilizosagwa na watu wengine mbali huko ili zienee kwenye fremu. Kukata tu, miaka kumi na mmoja. Kusaga lenzi yenyewe, kuchukua kipande cha kioo kisichoona ukakipa macho, hiyo kazi alikuwa akiiota kama wengine wanavyoota harusi.

Baba yake alikuwa mpimaji ardhi, mstaafu na mjane. Kiharusi kilimpiga upande wa kulia, kikamwachia mkono mmoja mzima, mguu wa kukokota, na ulimi mzito kama gogo. Mtaalamu wa matamshi pale hospitalini akasema, "Mpeni sababu ya kuongea. Ulimi usipotumika utalala moja kwa moja." Basi Fundi kila jioni akakaa mbele ya mzee na kumshika kidevu. "Sema maji, Baba. Ma-ji." Jamani! Mtu aliyewahi kusimama mahakamani akawatoa jasho mawakili wawili kwa ajili ya futi tatu za kiwanja, leo afundishwe kusema maji! Mzee aligeuza uso ukutani.

Ndipo kikaja hicho kitabu. Fundi alikuwa akikisoma wakati wa chakula cha mchana, vumbi jeupe la lenzi mikononi, akafika mahali paliposema kwamba kila mwaka mto wa Misri ulifurika ukafunika mashamba yote, na maji yalipopungua hapakuwa na mpaka hata mmoja uliobaki. Kwa hiyo wakaja watu wenye kamba zilizopigwa mafundo, wakapima upya nchi nzima, huyu chake na yule chake. Fundi akacheka peke yake mle chumbani. Kumbe enzi hizo kina Baba walikuwepo!

Akakumbuka mchezo waliokuwa wakiucheza bwenini alipokuwa chuo. Hauna ugumu wowote. Mmoja anakuwa msimulizi, ndiye anayeijua nchi ya hadithi; wengine kila mtu anachukua mtu mmoja wa nchi ile, anasema anafanya nini. Jambo likiwa la bahati nasibu, unarusha dado. Hakuna anayeshinda, hadithi inaendelea mpaka mchoke. Lakini mchezo huo hauendi bila nchi, na nchi ya Baba ilibidi itengenezwe, kuanzia udongo.

Fundi akaitengeneza. Aliomba kazini mabango ya zamani ya kupimia macho, yale yenye herufi zinazokwenda zikipungua, akayageuza, akayaunganisha kwa gundi, akachora mto upande wa nyuma. Kushoto na kulia mwa mto akapaka Nchi Nyeusi, ya udongo wa rutuba. Nje yake Nchi Nyekundu, jangwa ambako wafu waliosahauliwa majina yao huzurura wakiwauliza wapita njia wanaitwa nani. Hakutaka kunakili Misri ya kitabuni. Alichukua kilichomfaa, mengine akayazua. Farao wake alikatazwa kukanyaga ardhi tangu siku ya kuvikwa taji, akibebwa hata kwenda kuoga. Mungu wake wa hukumu alikuwa na kichwa cha mbweha na mizani mbovu, kwa hiyo kila marehemu alilazimika kubishana naye. Kwenye ngazi za mtoni alichora alama za kupimia kina cha maji, kwa dhiraa, kiwiko hadi ncha ya kidole. Na kwa kuwa karatasi ilikuwa nyepesi, herufi kubwa ya upande wa pili, E iliyolala chali, ikaonekana katikati ya jangwa.

"Hilo ni hekalu?" akauliza mdogo wake.

"Ndiyo," akasema Fundi, ambaye mpaka dakika ile hakuwa na hekalu. "Hekalu la Nguzo Tatu."

Huyo mdogo wake ndiye kitinda mimba wa nyumba, kinyozi, mwenye kibanda chake mtaa wa pili na mdomo usiofungwa hata kwa kufuli. Alikuja kucheza kwa ajili ya chakula. Lakini aliposikia kwamba makuhani wa nchi ile hunyolewa mwili mzima, nyusi na zote, alisimama. "Nchi gani hiyo yenye neema namna hii? Nihamie leo!" Akawa Kinyozi wa Makuhani, na alipokuwa hanyoi alikuwa akiiba makaburini.

Baba akapewa Mvuta Kamba Mkuu, mpimaji wa Farao. Siku ya kwanza alijifanya amelala. Fundi hakumjali. Akasimulia jinsi maji yalivyopungua, na jinsi mheshimiwa mmoja wa tumbo kubwa alivyokwenda alfajiri kulisogeza jiwe la mpaka wa mjane dhiraa mbili nzima. "Mvuta Kamba Mkuu, mjane analia mbele yako. Unafanya nini?"

Mzee akafumbua jicho moja. Midomo ikahangaika, mate yakamtoka, shingo ikakaza. "Ka," akasema. "Kamba. Lete." Fundi akasingizia sufuria inaungua, akaenda jikoni akalia huku ameng'ata kanga.

Basi ikawa hivyo kila Jumamosi alasiri. Miaka mitatu. Maneno mawili yakawa manne, lakini nje ya mchezo na yale mazoezi ya kushikwa kidevu mzee hakutoa zaidi ya "eh" na "mm". Lazima msimulizi awe Fundi, lazima nchi iwe ileile. Ramani ikaongezewa mifereji, vijiji, machimbo ya mawe, watoza ushuru na vita vya ndugu wawili wanaogombea taji. Madaftari yakafika manne. Marafiki walimwalika harusini, Fundi hakwenda, ni Jumamosi. Mwanamume mmoja wa maana aliyekuwa akija dukani kila mwezi na miwani isiyo na tatizo lolote alichoka kusubiri, akaoa kwingine. Wiki nzima Fundi yumo kwenye chumba kisicho na dirisha, mwisho wa wiki yumo mezani. Nchi nzima kaiumba, mito na majangwa, na yeye mwenyewe hana pa kutoka. Wakati mwingine akichora kijiji kipya alihisi kifua kinambana, akatoka uani kuvuta hewa, na ndani mzee akagonga meza kwa kijiko kumwita.

Ndipo simu ikapigwa. Mama mmoja mwenye karakana ya kusagia lenzi, mji mwingine, mwendo wa siku nzima, alikuwa ameona miwani ya mgeni wake akauliza nani kaikata lenzi ile. "Mikono hiyo naitaka," akamwambia Fundi. "Kusaga nitakufundisha mwenyewe. Chumba kipo hapahapa karakanani. Nasubiri simu yako mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja jioni. Ikipita hapo nampa mtu mwingine, usininunie."

Fundi alimweleza mdogo wake. Kinyozi akasema, "Nenda, Dada. Nitahamia hapa, nitampikia, nitamwogesha. Tatizo ni huo mchezo wako." Tatizo lilikuwa ndilo hilo hasa. Wakakubaliana amfundishe kusimulia. Majuma matatu Fundi alimkalisha na madaftari kama anayesomea mtihani: huyu mungu anapenda nini, mfereji huu ni wa nani. "Usikurupuke," alimwambia. "Na kipimo ukikitaja, kitaje sawasawa. Baba hasamehi kipimo."

Jumapili ya mwisho ikafika. Fundi alijiwekea sharti moyoni: Baba akimjibu Kinyozi hata neno moja, atapiga simu. Asipojibu, atabaki, na habari ya lenzi ataizika. Saa kumi kamili aliwaacha mezani na ramani, akatoka nyuma akakaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, ungo wa maharage mapajani.

Kinyozi akaanza. Akasimulia vizuri tu, maskini, ila haraka mno. "Mvuta Kamba Mkuu, unafanya nini?" Kimya. Akaleta mwizi, akaleta binti wa Farao. Kimya. Ikafika saa kumi na nusu, na Fundi alikuwa amechambua maharage yaleyale mara tatu. Miguu ilimfa ganzi. Aliona kabisa maisha yake yaliyobaki, chumba, meza, chumba, meza, akatamani kupiga kelele.

Kinyozi naye akaishiwa. Akaamua kutia chumvi. "Mara, mto ukafurika! Balaa! Watu wanakimbia huku na huku, nyumba zinakwenda na maji, akina mama wanalia, ng'ombe wanazama!"

"We mpumbavu nini?"

Fundi aliinua kichwa. Alidhani ni jirani.

"Nani akimbie mafuriko kule?" ile sauti ikaendelea, nzito, imenyooka, bila kukwama. "Maji yakipanda ni furaha! Wanakwenda kwenye ngazi kusoma dhiraa, wanaimba, kwa maana yakipungua mbili tu watalala njaa mwaka mzima. Na nyumba zao ziko juu ya vilima, imeandikwa daftari la pili, hujasoma? Dada yako katumia miaka mitatu kuijenga nchi hii, wewe unaivuruga kwa pumzi moja! Kinyozi wewe, hata kupima kidevu cha mtu huwezi!"

Ungo ulianguka, maharage yakatawanyika uani. Kapona! Baba kapona! Fundi alishika kitasa cha mlango, machozi yamemjaa, anacheka, na ndipo aliposikia mdogo wake akinong'ona kwa hofu.

"Baba, sauti! Dada yuko hapo nyuma."

Akafungua mlango. Wote wawili walimtazama kama wezi wa kuku. Hakuna aliyeuliza amesikia nini.

"Tangu lini?" akauliza.

Kinyozi aliokota dado, akaiweka, akaiokota tena. "Kama miezi kumi hivi, Dada."

"Na wewe unajua."

"Aliniomba nisiseme."

"Aliniomba! Na wewe ukaona heri, maana Dada yupo, wewe jioni uko zako vijiweni." Kinyozi akainamia dado yake, na mimi nasema alikuwa na haki ya kuona haya, maana ndiyo ilikuwa kweli yenyewe. Majuma yale matatu ya kusomea madaftari alijua kabisa kwamba mzee amepanga kufunga mdomo siku hii. Fundi akamgeukia baba yake. "Juzi nimekushika kidevu useme sabuni, Baba. Juzi! Nusu saa nzima. Umekaa unasema sa, sa, sa, na mimi nakupigia makofi."

"Najua, mwanangu."

"Kwa nini?"

Mzee alilaza mkono wake mzima juu ya ramani. "Ungejua nimepona ungekwenda zako. Tena ungekwenda kwa haki, nisingekuwa na neno la kukuzuia. Basi nikanyamaza." Akaupapasa mto kwa kidole. "Naogopa hii nyumba bila wewe. Naogopa kweli. Haya, nimesema."

Hasira zilimpanda Fundi mpaka masikio yakavuma. Alimpenda mzee yule, asikudanganye mtu. Na kwa dakika ile angeweza kuipindua ile meza. "Umenifunga, Baba," akasema. "Umenifunga kwa kamba niliyokutengenezea mimi mwenyewe."

Saa ya ukutani ilionyesha bado dakika kumi na tano kufika saa kumi na moja. Akatoa simu palepale, mbele yao, akapiga. "Shikamoo mama. Ni mimi, yule wa kukata lenzi. Nakuja. Jumapili ijayo niko njiani." Alipokata simu akamtazama baba yake, akisubiri ugomvi, akiutaka hata huo ugomvi. Mzee alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Sema kitu basi. Si unaweza?"

Kimya.

"Sawa. Susa."

Akasusa kweli. Jumatatu hakusema neno, si kwa Fundi wala kwa Kinyozi, ambaye alikuwa amehamia na godoro lake pamoja na mashine mbili za kunyolea. Jumanne vivyo hivyo. Fundi alifua, alipanga sanduku, alibandika ukutani orodha ya dawa, na kila alipopita karibu na kiti cha mzee alikaza shingo. Jumatano akadhani ameona midomo ikicheza. Alisimama, akangoja, hakuna kitu, akaendelea na kazi zake. Alhamisi jioni kijiko kilimtoka mzee mkononi, mkono ule mzuri, uji ukamwagikia shati. "Hayo maigizo nimeyachoka, Baba," Fundi akasema, akamfuta bila kumtazama machoni. Ijumaa hakushika kikombe kabisa, akanyweshwa. "Kanuna," akasema Kinyozi. "Nyamaza naye, ataacha mwenyewe." Wakanyamaza naye, na Jumamosi ramani haikufunguliwa. Na nani angewalaumu? Mtu aliyekuchezea mchezo miezi kumi, ukimwona amelegea unasema anacheza. Mimi ningefanya vilevile.

Jumapili asubuhi gari la kukodi lilisimama nje. Kinyozi akabeba sanduku. Fundi alikuwa amevaa viatu vipya vya safari na alikwisha kuaga, yaani alisimama mlangoni akasema "Baba, nakwenda," akajibiwa na kisogo. Alifika hadi barazani. Akashindwa. Akarudi, akavuta kiti mbele ya mzee, akamkunjulia ramani mapajani, mto wote na majangwa yake.

"Mara hii moja tu," akasema, na sauti ikawa ya msimulizi bila yeye kutaka. "Maji yamepungua, Mvuta Kamba Mkuu. Mipaka yote imefutika. Msaidizi wako ameitwa nchi ya mbali, amesimama mlangoni, anangoja ruhusa yako. Unafanya nini?"

Mzee akageuka taratibu. Macho yalikuwa yamelowa. Yeye hakuwa na kinyongo tena, hilo lilionekana wazi, uso wote ulikuwa umelainika. Akafungua mdomo.

"Nn," akasema. "Nne." Akakaza shingo. "Ndd. Nnda."

Fundi akamwinamia karibu. Miezi kumi alikuwa amesikia kigugumizi cha uongo, na sasa, kwa kuwa alikwisha jua kuwa ni cha uongo, alikumbuka kilivyokuwa. Kilikuwa nadhifu. Mzee alikata maneno pale pale alipofundishwa kuyakata, ma-ji, sa-bu-ni, kama mwanafunzi mzuri. Hiki hakikukatika popote panapoeleweka. Mate yalishuka upande wa kushoto, upande uliokuwa mzima, na mzee mwenyewe alikuwa amekodoa macho kama aliyesikia mtu mwingine akiongea kinywani mwake. Alijaribu tena. Alitaka kumwambia mtoto wake nenda. Neno lilikuwa linagoma.

"Baba, acha utani," akasema Fundi, na alijua si utani. "Tangu siku gani? Baba! Tangu siku gani?" Alhamisi, ile ya kijiko? Jumatano? Hakuna aliyejua, na hakuna atakayejua.

Akapiga ukelele wa kumwita mdogo wake. "Toa sanduku! Toa sanduku garini, umbebe Baba!" Kinyozi alikuja mbio, akaona, akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. Wakambeba, mmoja kwapani, mmoja miguuni, ramani ikaanguka wakaikanyaga. Sanduku likabaki barazani.

Kwenye kiti cha nyuma cha gari Fundi alimlaza mzee begani mwake na kumwambia dereva asijali mashimo. Simu ikaanza kuita mkobani. Ni yule mama wa karakana, bila shaka anauliza atafika saa ngapi. Hakuipokea. Mzee hakuwa ametulia. Alikuwa akihangaika na neno lake, nnda, nnda, na kwa mkono ule mmoja, uliokuwa ukizidi kulegea, alikuwa akimsukuma bintiye ubavuni, akimsukuma kuelekea mlango wa gari. Fundi aliushika ule mkono. Aliuweka katikati ya mapaja yake, akaubana hapo, usiendelee kumsukuma.